Kilomita 17,000 Angani: Simulizi ya Safari ya London hadi Sydney na Kurudi

Jumatatu, siku moja kabla ya kuondoka

Nilitaka kuianza safari hii nikiwa nimeshapiga hesabu zangu, kwa sababu swali ambalo watu huuliza kuhusu miji miwili iliyo mbali, yaani ni kilomita ngapi na ni saa ngapi kwa ndege, hujibiwa haraka mno na mara nyingi kwa namba moja tu. Naamini kwamba sehemu ya kwanza ya swali hilo ina jibu moja lisilobadilika, ilhali sehemu ya pili ina majibu mengi, na kwamba msafiri asiyeijua tofauti hiyo hujikuta akikosa ndege ya kuunganisha, au akipanga mkutano saa ambayo mwili wake hauwezi kukaa macho.

Nianze na umbali. Kutoka uwanja wa Heathrow ulioko London hadi uwanja wa Kingsford Smith ulioko Sydney ni takriban kilomita 17,020, na kutoka katikati ya mji mmoja hadi katikati ya mji mwingine ni takriban kilomita 16,990. Anayekutana na namba hizi mbili mahali tofauti asidhani kwamba mojawapo ni ya uongo, kwani kila moja imepimwa kutoka nukta tofauti. Kuna pia sababu ya pili ya namba kupishana: dunia si tufe kamili, kwa kuwa nusu kipenyo chake kwenye Ikweta ni kama kilomita 6,378 na kwenye ncha ni kama kilomita 6,357, hivyo anayekokotoa kwa kuichukulia kuwa tufe hupata jibu linalotofautiana kidogo na la yule anayetumia umbo lake halisi lililobonyea. Kwa safari ndefu tofauti hiyo huwa ya makumi ya kilomita, nayo haimpunguzii wala kumwongezea abiria hata dakika tano.

Jambo linalostahili kufikiriwa zaidi ni mstari wenyewe. Nilichukua tufe la ramani, nikakaza uzi kutoka London hadi Sydney, na uzi ukajipangia njia ambayo mtu anayeitazama ramani ya ukutani hawezi kuikisia: ulielekea kaskazini mashariki, ukapita Denmark, ukapita kaskazini kidogo mwa Moscow, kisha ukainama na kukatiza Kazakhstan na China, ukavuka Ufilipino na kuingia Australia kwa upande wa kaskazini. Huo ndio mstari wa duara kuu, njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, na ndio unaopimwa kila umbali wa ndege unapotajwa. Ramani bapa huuonyesha kama upinde kwa sababu ni ramani iliyonyooshwa kwa nguvu, lakini kwenye tufe umenyooka.

Umbali mrefu kabisa unaowezekana kati ya sehemu mbili za dunia ni kama kilomita 20,000, yaani nusu ya mzingo wake. Kwa hiyo London na Sydney zimetenganishwa na asilimia 85 ya umbali wote ambao sayari hii inaweza kuwapa wasafiri. Ukichimba kwa mawazo kutoka London moja kwa moja hadi upande wa pili, utatokea baharini kusini mashariki mwa New Zealand, karibu na visiwa vidogo ambavyo mabaharia walivipa jina la Antipodes kwa sababu hiyo hiyo.

Tiketi yangu inapitia Singapore. Kutoka London hadi Singapore ni kilomita 10,880, na kutoka Singapore hadi Sydney ni kilomita 6,300, jumla kilomita 17,180. Kituo hicho, basi, kinaniongezea kilomita 160 tu juu ya njia fupi kabisa, nyongeza isiyofika hata asilimia moja. Ningepitia Los Angeles, jumla ingekuwa kama kilomita 20,800. Anayetafuta tiketi kati ya miji miwili ya mbali afanye hesabu hii kabla ya kulipa, maana kituo kimoja huwa karibu njiani na kingine humpeleka mtu mbali na anakokwenda.

Jumanne, London

Ndege iliondoka langoni saa nne kamili usiku, na magurudumu yaliacha ardhi saa nne na dakika 25. Dakika hizo 25 nilizihesabu kwa makusudi. Tulisukumwa nyuma, injini zikawashwa moja baada ya nyingine, tukatembea polepole tukifuata taa za kijani za ardhini, tukasimama nyuma ya ndege nyingine, tukasogea, tukasimama tena. Muda unaoandikwa kwenye tiketi huanza lango linapoachwa na huisha ndege inapoegeshwa kwenye lango jingine, wala si muda wa kuwa angani. Mtu anayegawa kilomita kwa kasi ya ndege na kushangaa kwamba shirika limeandika saa nyingi zaidi anasahau foleni hizi za ardhini, mwendo mdogo wa kupanda na kushuka, na akiba ya dakika ambazo shirika huziweka ili ndege isionekane imechelewa.

Skrini iliyo mbele ya kiti ilituambia kwamba tuna zaidi ya kilomita 11,200 za kusafiri hadi Singapore. Ni zaidi ya kilomita 10,880 za duara kuu, na sababu yake ni ya kusikitisha. Njia fupi ingepita juu ya Ukraine, ambako anga limefungwa kwa ndege za abiria tangu Februari 2022, na kisha kusini mwa Urusi, ambayo mwaka huo huo iliyafungia anga lake mashirika ya Uingereza na ya nchi nyingi za Ulaya baada ya nchi hizo kuyafungia mashirika yake. Ndege yetu ilielekea kusini mashariki, juu ya Ujerumani na Romania, ili iishike Bahari Nyeusi kwa upande wake wa kusini.

Kwa safari yetu mzunguko huo ni mdogo. Kwa wengine ni mkubwa mno. Safari ya Helsinki hadi Tokyo, ambayo kwa miaka mingi ilipita juu ya Siberia kwa saa tisa na ushei, sasa huchukua takriban saa 13, na baadhi ya ndege hupita karibu na Ncha ya Kaskazini. Miji hiyo miwili haijasogea hata hatua moja, lakini safari kati yake imeongezeka kwa zaidi ya theluthi moja kwa sababu ya mipaka ya kisiasa. Nalitaja jambo hili kwa uzito, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba anga ni bahari isiyo na wenyewe.

Jumatano, angani kisha Singapore

Juu ya Bahari Nyeusi kasi yetu kwa ardhi ilipanda hadi kilomita 1,040 kwa saa, ingawa ndege ya aina hii hupasua hewa kwa karibu kilomita 900 kwa saa. Kilomita 140 zilizobaki tulipewa na upepo. Kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, katika latitudo za kati, kuna mikondo ya hewa inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki mfano wa mto mwembamba na mrefu, nayo huwa na nguvu zaidi majira ya baridi, wakati tofauti ya joto kati ya ncha na nchi za tropiki inapokuwa kubwa. Joto hilo lisilo sawa huisukuma hewa kuelekea ncha, na mzunguko wa dunia huupinda mwendo wake kuelekea mashariki. Rubani anayekwenda mashariki huutafuta mkondo huo, na anayekwenda magharibi huukwepa, hata kama kuukwepa kunamtoa kwenye mstari mfupi.

Mtaalamu wa hali ya hewa wa Japan aitwaye Wasaburo Oishi aliupima upepo huu katika miaka ya 1920 kwa kurusha mapurutangi na kuyafuatilia kwa darubini, na taarifa yake akaiandika kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili itumike na mataifa yote, akitumaini kwamba ulimwengu mzima ungeisoma. Wachache sana waliisoma. Ilikuwa ni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa Marekani walipokumbana na upepo huo juu ya Japan, ndipo nguvu zake zilipotambuliwa na wengi. Tangu hapo imekuwa sehemu ya hesabu ya kila safari ndefu. Mwezi Februari 2020, katika dhoruba iliyopewa jina la Ciara, ndege ya abiria ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa sita.

Mama mmoja aliyeketi karibu nami, ambaye naye hakuwa na usingizi, aliniuliza iwapo tofauti kati ya kwenda na kurudi haitokani na dunia kuzunguka chini yetu, kwa kuwa inazunguka kuelekea mashariki na ingepaswa kumkimbia anayekwenda huko. Ni swali zuri na nililijibu kwa uangalifu. Hewa yenyewe inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo, kwa hiyo tangu ilipokuwa imesimama uwanjani ilikuwa tayari inakwenda na mzunguko huo. Kinacholeta tofauti ni mwendo wa hewa ukilinganishwa na ardhi, na huo ndio tunaouita upepo. Nilimwonyesha pembeni mwa skrini namba ya upepo wa nyuma, tukaitazama ikipungua na kuongezeka kadiri tulivyokuwa tukikatiza Georgia na Azerbaijan.

Saa tisa na dakika kumi usiku kwa saa ya London, tukiwa tumeiacha Bahari ya Kaspi nyuma yetu, jua lilichomoza. Ulianza mstari mwekundu mbele, upande wa kushoto wa bawa, kisha ukingo wa bawa ukashika rangi ya shaba huku ardhi ya Turkmenistan chini ikiwa bado giza tupu. Kutoka kimo hicho upeo wa macho uko chini zaidi, hivyo abiria hulipata jua zaidi ya robo saa kabla ya mtu aliye ardhini moja kwa moja chini yake. Mwili wangu ulisema ni usiku wa manane, na dirisha lilisema ni asubuhi. Kwa kwenda mashariki tulikuwa tunalifuata jua lililokuwa likija kutulaki, na kila nyuzi 15 za longitudo tulizovuka zilitupunguzia saa moja.

Baada ya hapo ndege ilipanda kidogo, kutoka mita 10,000 hadi kama mita 10,600, na baadaye ikapanda tena. Hii haifanywi kwa ajili ya mandhari. Ndege ya masafa marefu huanza safari ikiwa nzito mno kwa mafuta hata isiweze kuruka kwa ufanisi mahali ambapo hewa ni nyepesi, na kadiri inavyoyachoma ndivyo inavyoruhusiwa kupanda hatua kwa hatua hadi kwenye hewa isiyoikwaza sana. Huko juu skrini ilionyesha nyuzijoto 56 chini ya sifuri.

India ilipita chini ya ukungu kwa muda mrefu. Kufikia Ghuba ya Bengal upepo wa nyuma ulikuwa umekwisha, kwa kuwa mikondo ile ya kasi haifiki tropiki, na kasi yetu ikarudi chini ya kilomita 900 kwa saa. Tulitua Singapore saa moja kamili jioni kwa saa ya huko, jua likiwa linazama. Jua hilo hilo lilichomoza tukiwa karibu na Kaspi saa nane tu zilizopita. Tangu kupaa hadi kutua zilikuwa saa 12 na dakika 35, na tangu lango hadi lango saa 13 na dakika kumi.

Kituoni tulikaa saa mbili. Zilitosha kutembea, kunyoosha miguu na kupita ukaguzi, na sina la kuongeza juu yake isipokuwa kwamba saa mbili ni kipimo kizuri pale tiketi zote mbili zimenunuliwa pamoja kama safari moja na mizigo inahamishwa na shirika lenyewe. Mwenye tiketi mbili zisizohusiana, anayelazimika kuchukua mizigo na kuiandikisha upya, asithubutu kujipa muda mfupi kiasi hicho.

Alhamisi, kuingia Sydney

Singapore iko kama kilomita 150 tu kaskazini mwa Ikweta, kwa hiyo tuliivuka kabla hata nusu saa haijaisha tangu kupaa, ndege ikiwa haijakaa sawa kwenye kimo chake. Hakuna kinachoonekana. Nilitazama namba ya latitudo ikishuka hadi sifuri na kuanza kupanda tena, herufi ya kaskazini ikibadilika kuwa ya kusini, na kwa muda huo mfupi januari ya baridi niliyotoka nayo ikawa januari ya kiangazi.

Kipande hiki cha pili kina jambo ambalo ramani za kawaida haziliweki wazi. Baada ya Bahari ya Java na kisiwa cha Bali tuliingia juu ya pwani ya Kimberley, kaskazini magharibi mwa Australia, na mtu angeweza kudhani kwamba tumefika. Kumbe zaidi ya nusu ya kilomita 6,300 zilikuwa bado mbele yetu, zote juu ya nchi moja. Kwa saa nzima sikuona taa hata moja ardhini. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa saa ya Sydney, tukiwa tumebakiza zaidi kidogo ya saa moja, jua lilichomoza tena, na London wakati huo ilikuwa saa moja na nusu usiku wa Jumatano.

Lango lilifunguliwa saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Hapa ndipo hesabu ya muda huwachanganya wengi, kwa hiyo niliiandika yote. Kwa kusoma tiketi tu, Jumanne saa nne usiku hadi Alhamisi saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi ni saa 33 na dakika 50. Lakini saa ya kwanza ni ya London na ya pili ni ya Sydney, na mwezi huu Sydney iko mbele kwa saa 11. Ukiziondoa unabaki na saa 22 na dakika 50, na huo ndio muda halisi wa safari. Kati ya hizo, saa 19 na dakika 50 zilikuwa angani, na saa tatu zilizobaki ziliishia ardhini, mbili katika mapumziko ya kuhama kutoka ndege moja hadi nyingine, na moja katika foleni za viwanja.

Hizo saa 11 nazo si za kudumu. Uingereza husogeza saa zake mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na Sydney, iliyo upande wa pili wa Ikweta, hufanya kinyume, ikizirudisha Jumapili ya kwanza ya Aprili na kuzisogeza mbele Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Matokeo yake ni kwamba tofauti ya miji hii miwili huwa saa 11 katika majira ya sasa, saa 9 katikati ya mwaka, na saa 10 kwa siku chache za Machi na Aprili na wiki chache za Oktoba. Ratiba ya ndege ile ile inaweza kuonekana imebadilika kwa saa mbili ilhali haijabadilika hata dakika moja.

Ijumaa

Niliamka saa tisa usiku nikiwa macho kabisa, na saa nane mchana nikashikwa na usingizi mzito. Saa ya ndani ya mwili haisafiri kwa kasi ya ndege. Kwa wastani hujirekebisha kwa karibu saa moja kwa siku mtu anapokwenda mashariki, na haraka zaidi anapokwenda magharibi, kwa kuwa saa hiyo kwa watu wengi ina mzunguko unaozidi kidogo saa 24 na huona wepesi kurefusha siku kuliko kuifupisha. Wanasayansi watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kufichua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Dawa iliyo bora zaidi ni mwanga wa jua kwa wakati unaofaa, na nilijilazimisha kukaa nje.

Nimelileta hili katika hesabu ya safari kwa sababu ni sehemu yake. Anayeulizwa Sydney iko mbali kiasi gani na akajibu kwamba ni siku moja, amesahau siku zinazofuata ambazo mtu yupo mjini kwa mwili tu.

Jumamosi, Shellharbour

Nilisafiri kwenda kusini mwa Sydney, mwendo wa kama kilomita 100, kuitazama ndege moja. Katika jumba la makumbusho la ndege lililo kwenye uwanja mdogo wa Shellharbour imeegeshwa Boeing 747-400 ya shirika la ndege la Australia, Qantas, iitwayo City of Canberra, ambayo mwezi Agosti 1989 ilitoka London hadi Sydney bila kutua popote, kwa saa 20 na dakika 9. Nilisimama chini ya bawa lake, nikanyanyua mkono kuelekea injini, nikatafakari safari ile. Haikuwa safari ya biashara. Ndege ilikuwa mpya, karibu tupu, imejazwa mafuta maalumu yaliyo mazito kuliko ya kawaida, na ilivutwa kwa trekta hadi mwanzo wa njia ya kurukia ili isipoteze hata tone kabla ya kupaa.

Nilipokuwa pale niliona umuhimu wa kuupanga muda wa miji hii miwili kwa miaka. Mwaka 1919 ndugu wawili, Ross na Keith Smith, pamoja na mafundi Jim Bennett na Wally Shiers, walitoka Hounslow karibu na London tarehe 12 Novemba katika ndege ya Vickers Vimy yenye chumba cha marubani kilicho wazi, wakafika Darwin tarehe 10 Desemba. Walikuwa hawajafika hata Sydney. Mwaka 1935 abiria wa kawaida waliweza kununua tiketi ya London hadi Brisbane, na safari ilichukua zaidi kidogo ya siku 12. Mwaka 1947 ndege ya Lockheed Constellation ilianza kuunganisha Sydney na London kwa siku nne, ikitua Darwin, Singapore, Calcutta, Karachi, Cairo na Tripoli. Leo imebaki chini ya siku moja. Katika historia hiyo yote umbali haujapungua hata kilomita moja. Kilichopungua ni vituo, na kila kituo kilichoondolewa kilikuwa ni ushindi wa injini na mafuta.

Kilichobaki ni kituo kimoja cha mwisho. Tangu Machi 2018 kuna safari ya moja kwa moja kati ya Perth na London, kilomita 14,500 kwa takriban saa 17. Mwezi Novemba 2019 Qantas ilirusha ndege ya majaribio kutoka London hadi Sydney kwa saa 19 na dakika 19, ikiwa na abiria wachache waliovalishwa vifaa vya kupima usingizi wao. Mwaka 2022 shirika hilo liliagiza ndege 12 za Airbus A350-1000 zenye tangi la ziada la lita 20,000 kwa ajili ya njia hii, na linakadiria kwamba msafiri ataokoa hadi saa nne. Kwa hesabu yangu ya Alhamisi naliona kadirio hilo kuwa la haki kwa wanaosubiri muda mrefu kituoni. Mimi niliyekaa saa mbili nisingeokoa zaidi ya saa tatu na nusu.

Jumatatu, kurudi

Tuliondoka Sydney saa kumi na dakika kumi jioni, na tangu mwanzo skrini ilionyesha upepo wa mbele juu ya Australia. Kipande kilichotuchukua saa 7 na dakika 40 wakati wa kuja sasa kilichukua saa 8 na dakika 20. Karibu na Bali jua lilizama mbele yetu kwa utaratibu usio wa kawaida, kwa kuwa tulikuwa tunalikimbiza. Ikweta tuliivuka gizani tukiwa tumeshaanza kushuka. Singapore tulikaa tena saa mbili, jambo lililonifurahisha kwa sababu ulinganisho wangu ungekuwa sawa, na saa tano na nusu usiku tukaondoka.

Jumanne, London

Usiku huu ndio mrefu kuliko wote niliowahi kuupitia. Jua lilizama kwetu saa tano asubuhi kwa saa ya London ya jana, na London yenyewe mwezi huu hupata jua saa mbili asubuhi, kwa hiyo giza letu lilidumu saa 21. Wakati wa kuja, mchana mzima ulikuwa wa saa nane na usiku uliofuata wa saa nane na robo. Aliyeusafiri mwendo huu katika pande zote mbili anaelewa kwa nini neno siku halifai kuwa kipimo cha safari ya namna hii.

Juu ya Asia ya Kati tulikutana na ule mkondo wa hewa, safari hii ukiwa usoni. Kasi yetu kwa ardhi ilishuka hadi kilomita 790 kwa saa, na niliona mstari wa njia kwenye skrini ukipinda kaskazini na kusini mahali ambapo wakati wa kuja ulikuwa umenyooka: rubani alikuwa anatafuta upenyo wenye upepo mdogo. Kilomita za kuruka zikaongezeka kwa makusudi ili dakika zipungue.

Lango lilifunguliwa saa kumi na moja na dakika 35 alfajiri, baada ya saa 14 na dakika tano tangu Singapore. Tangu Sydney ilikuwa saa 24 na dakika 25, dhidi ya saa 22 na dakika 50 za kwenda, viwanja vikiwa vile vile na mapumziko yakiwa sawa. Saa moja na dakika 35 za tofauti zimetokana na upepo na njia ya kuukwepa. Katikati ya mwaka, upepo wa kaskazini unapodhoofika, pengo hilo upande wa Ulaya na Asia hupungua, huku Australia ikiwa katika majira yake ya baridi na upepo wake wa magharibi ukipata nguvu. Kwa anayepanga safari kati ya miji hii, ninampa namba mbili: saa 23 kwa kwenda na saa 24 na nusu kwa kurudi, mapumziko ya saa mbili yakiwemo, kwa mwezi wa Januari.